Mahakama za mtandao zisimwache nyuma mnyonge

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kwa miaka mingi methali hiyo imekuwa na nguvu kama ya sheria katika mahakama za Afrika Mashariki. Mdai asiyefika siku ya kesi yake, hata kama amezuiwa na mvua, maradhi au ukosefu wa nauli, aghalabu hupata habari baadaye kwamba kesi imefutwa, au imeamuliwa kwa kusikiliza upande mmoja. Siku hizi elimu ya mitambo imeleta jambo ambalo wahenga hawakuliona. Mtu anaweza kuwapo mahakamani ilhali mwili wake uko mbali: sauti yake husikika na uso wake huonekana katika kioo cha kompyuta. Linalobaki kuulizwa ni je, mnyonge naye atakuwapo?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu huko watu karibu 695,000. Wengi wao ni wakulima waishio kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, ambako gari halifiki na hata pikipiki hushindwa njia inapolowa. Bwera, mji wa biashara ulio karibu na mpaka wa Mpondwe, uko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini Kasese. Una mahakama yake ya hakimu, lakini mashauri mazito hupelekwa Kasese kwa Hakimu Mkuu. Kwa miaka mingi, aliyetakiwa kufika mbele ya jaji wa Mahakama Kuu alilazimika kuendelea hadi Fort Portal, kiasi cha kilomita 75 zaidi. Kwa mama aliyetelemka mlimani kwa miguu kabla ya mapambazuko, safari hiyo ni mauzo ya kahawa au ya kuku yaliyoteketea kwa siku moja.

Safari ya mfumo mpya

Uganda haikuanza jambo hili jana. Mwaka 2016 zilitungwa kanuni zinazoruhusu shahidi kutoa ushahidi kwa njia ya picha na sauti akiwa mahali pengine. Mnamo Machi 2020, maradhi ya Korona yalipozuia mikutano na safari, mahakama zilisimamisha kazi nyingi, na baadhi ya kesi zikaanza kusikilizwa kwa mtandao, mahabusu wakizungumza na hakimu kutoka gerezani. Tarehe 1 Machi 2022 Idara ya Mahakama ilizindua mfumo wa kompyuta wa kuendesha kesi, unaojulikana kwa kifupi kama ECCMIS. Kwa mfumo huo hati huwasilishwa kwa mtandao, ada hulipwa benki au kwa fedha za simu, na wenye kesi hupata taarifa bila kwenda kubisha mlango wa karani. Ulianza katika mahakama chache za juu na za mijini, kisha ukawa unapelekwa katika mahakama nyingine hatua kwa hatua.

Majirani nao wako katika mwendo huo huo. Kenya ilianza kupokea hati kwa mtandao katika mahakama za Nairobi Julai 2020, na Rwanda imekuwa na mfumo wake tangu mwaka 2016. Basi mwananchi wa Kasese hana haja ya kuuliza kama mambo haya yatamfikia. Auliza yatamfikia kwa namna gani.

Faida isiyokanushika

Yatupasa kwanza kukiri faida zake, maana ni kubwa. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika na kuzoa nyumba, madaraja na mashamba. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliharibu vibaya hospitali ya Kilembe, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Jamaa iliyookoa watoto haikurudi kuokoa sanduku la karatasi. Hati ya mauziano ya shamba, risiti na nakala ya hukumu ni vitu ambavyo maji huvimaliza kwa dakika moja. Jalada lililohifadhiwa vyema katika kompyuta, likiwa na nakala mahali pengine, halichukuliwi na mto. Wala si rahisi mtu kumwambia mwenye kesi kwamba faili lake limepotea, na kwamba litaonekana akitoa kitu kidogo.

Faida ya pili ni kwa wale ambao mwili wenyewe ni kizuizi. Waasi wa ADF walishambulia Mpondwe mnamo Novemba 1996, na katika miaka ya vita iliyofuata mabomu yalitegwa katika njia na mashamba ya Rwenzori. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kuyaondoa, lakini miguu iliyokatika haikurudi. Mtu atembeaye kwa magongo, ambaye zamani alibebwa mgongoni ili akatoe ushahidi wa dakika kumi, angeweza kuutoa katika chumba kilicho karibu na kwake.

Faida ya tatu ni ya umbali. Baada ya mapambano ya Novemba 2016 mjini Kasese, ambamo watu zaidi ya 100 walifariki dunia, Mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, na watu wengine wengi walifikishwa mahakamani Jinja, upande wa pili wa nchi. Mashtaka dhidi yake na wenzake zaidi ya 200 yalifutwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma Juni 2023. Katika miaka hiyo yote, kulikuwa na wazee, wake na watoto wa pande mbalimbali za tukio lile waliotaka kusikia kwa masikio yao kinachosemwa mahakamani. Walio na nauli walikwenda. Wasio nayo walitegemea maneno ya mitaani, nayo maneno ya mitaani hayajawahi kumtuliza mfiwa.

Hata askari mwenyewe hufaidika. Chukua mfano wa mke wa askari aishiye katika kijiji kimoja cha Bwera. Mumewe ni mmoja wa wanajeshi waliovuka mpaka kuingia mashariki ya Kongo katika operesheni iliyoanza Novemba 2021. Huku nyuma shemeji anadai kwamba shamba wanalolima ni lake, na ameshampatia mnunuzi. Shauri limefika mahakamani Kasese. Shahidi mkuu ni mume, lakini yuko kazini, wala hawezi kuomba ruhusa kila hakimu anapoahirisha kesi. Kwa kanuni za mwaka 2016, mahakama ikikubali, aweza kusema aliyonayo akiwa huko huko aliko. Teknolojia ikitumiwa hivyo, ulinzi wa nchi hautamnyang'anya mlinzi shamba lake.

Mlango mwembamba

Lakini mlango ule ule unaomfungulia mmoja huweza kumfungia mwingine. Tumtazame tena mke yule wa askari. Taarifa za kesi zinatumwa kwa simu. Simu iliyopo nyumbani ni moja, na laini imesajiliwa kwa jina la nani? Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na asiye nacho hutumia laini ya ndugu. Ikiwa ndugu huyo ndiye shemeji anayedai shamba, wito wa mahakama utasomwa na adui wa kesi, nao utafutwa kwa kidole kimoja. Siku ya kesi mama hatakuwapo, na kompyuta itaonyesha kwamba alipelekewa taarifa.

Gharama nayo haifichiki. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza kodi ya asilimia 12 juu ya huduma ya intaneti. Kesi inayosikilizwa kwa picha kwa saa nzima hula fedha nyingi kuliko ujumbe wa maandishi, na hakimu akichelewa, salio huisha kabla jina la mwenye kesi halijaitwa. Isitoshe, bonde moja lina mtandao na bonde la pili halina.

Halafu kuna kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kila Waganda 100 wenye umri wa miaka 10 na zaidi, kiasi cha 72 walijua kusoma na kuandika. Waliobaki hawakuacha kuwa na mashamba, ndoa, madeni wala watoto wa kutunzwa. Mtu asiyejua kusoma akiambiwa ajaze fomu kwenye kompyuta, atamwendea kijana wa dukani mwenye mashine. Kijana huyo si wakili wala karani, hakula kiapo chochote, naye sasa anajua siri ya nyumba na neno la siri la kufungulia jalada. Dalali wa haki aliyekuwa akizungukazunguka kwenye ua wa mahakama atakuwa amehamia dukani, na bei yake itapanda.

Lugha tatu katika kesi moja

Jambo ambalo wataalamu wa mitambo husahau upesi ni lugha. Mwananchi wa Bwera aghalabu hunena Lhukonzo. Akienda kituo cha polisi, huenda akakutana na askari kutoka mkoa mwingine, wakaelewana kwa Kiswahili cha kubahatisha. Askari huandika maelezo kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mahakama na ya kumbukumbu zake. Hivyo neno moja la mlalamikaji limevuka mito mitatu kabla ya kumfikia hakimu. "Alinisukuma" laweza kufika likiwa "alinipiga", na "tulikubaliana anilipe" laweza kufika likiwa "nilimpa bure".

Ndani ya chumba cha mahakama, kosa kama hilo huweza kuonekana usoni. Shahidi hukunja paji, mkalimani hurudia, na mzee aliyeketi nyuma huguna. Kwenye kioo, watu wawili wakisema kwa pamoja hakuna asikikaye, na mkalimani aliye mbali na shahidi hubaki kukisia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo haikuwekewa sharti kwamba kesi iwe ya ana kwa ana. Mahali mtandao unapoua sauti ya mkalimani, kesi yapaswa kusimama mpaka sauti irudi.

Kwa kiziwi shida ni kubwa zaidi. Katiba hiyo hiyo inaitaka dola ikuze lugha ya alama, nayo ilikuwa miongoni mwa katiba za mwanzo duniani kuitaja. Lakini lugha ya alama ni ya mikono na uso. Picha ikiganda, mikono imeganda, na ushahidi umeganda pamoja nayo. Kipofu naye, akipelekewa picha ya hati isiyoweza kusomwa kwa sauti na kompyuta, amepewa karatasi tupu.

Kuhusu Kiswahili, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, itakayotumika kama Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Tanzania ilibadili sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Uganda itafuata njia yake yenyewe, lakini hata sasa hakuna kinachozuia ujumbe wa simu wa mahakama kuandikwa kwa Lhukonzo, kwa Runyakitara na kwa Kiswahili, au kusemwa kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma.

Nani amesimama nyuma ya kioo?

Kuna hatari nyingine ambayo haina kelele. Kioo huonyesha uso wa asemaye, lakini hakionyeshi chumba kizima. Mahabusu akiulizwa kama anakubali kosa, hakimu haoni kama kuna mtu aliyemkazia macho kutoka pembeni. Mwanamke anayemshtaki mumewe kwa kipigo, akitoa ushahidi kwa simu akiwa nyumbani kwa mume huyo huyo, anasema kile kitakachomwezesha kulala salama usiku ule. Hata askari anayeshuhudia kutoka kambini anastahili chumba ambacho mkubwa wake hayumo.

Kwamba kioo hubadili uamuzi si dhana tupu. Katika mahakama za Chicago, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1999 washtakiwa wengi walipelekwa mbele ya hakimu kwa njia ya televisheni wakati wa kupangiwa dhamana. Utaratibu huo ulikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2008. Wachunguzi waliolinganisha kesi za kabla na za baada walitangaza mwaka 2010 kwamba kiwango cha dhamana kilipanda kwa wastani wa asilimia 51, ilhali katika kesi ambazo washtakiwa waliendelea kuletwa ana kwa ana hakikuonekana kupanda kwa namna hiyo. Mtu aliyeonekana mdogo na wa mbali katika televisheni alionekana pia kuwa wa kutiliwa shaka. Nchi yenye umeme na mitambo ya kila aina iligundua jambo hilo baada ya miaka tisa. Kasese haina haja ya kungoja muda kama huo.

Mlango wa pili usifungwe

Dawa ya maradhi haya si kuukataa mtandao. Aliyezoea kupanda mlima kwa miguu hatakiwi kukatazwa gari kwa sababu gari huweza kuanguka. Dawa ni kuacha milango miwili wazi, na kumweka mtu mwema kwenye kila mlango.

Mlango wa kwanza ni wa karatasi na mdomo. Mahakama ipokee hati ya karatasi kwa asiye na kompyuta, na karani mwenyewe aiingize katika mfumo bila kumdai senti. Rwanda ina ofisi za msaada wa sheria katika kila wilaya kati ya wilaya zake 30, ambako mwananchi hushauriwa bure. Tanzania mwaka 2019 ilizindua mahakama zinazotembea, yaani magari makubwa yaliyotengenezwa kuwa chumba cha mahakama, yakaanza kazi Dar es Salaam na Mwanza. Miji ile si milima, lakini wazo lafaa: badala ya kila mwananchi kuifuata mahakama, mahakama ijongee.

Mlango wa pili ni wa kioo, nao uwe na chumba chake. Katika makao ya gombolola pangeweza kutengwa chumba kimoja chenye kompyuta, umeme wa jua, mlango unaofungika na njia ya kiti cha magurudumu, kikisimamiwa na ofisa wa mahakama aliyekula kiapo. Kabla ya kesi kuanza, hakimu aulize mambo manne: je, wanisikia? Je, waelewa lugha hii? Nani yumo humo chumbani pamoja nawe? Je, wataka kuletwa mbele yangu badala ya kusema kwa kioo? Mshtakiwa apewe pia nafasi ya kunong'ona na wakili wake bila sikio la tatu. Maswali hayo hayagharimu shilingi, nayo yanalinda haki kuliko mashine ya bei kubwa.

Wala mahakama ndogo zisidharauliwe. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 iliacha kesi nyingi za kijiji mikononi mwa LC, ambako wenye kesi na waamuzi huketi pamoja na kunena lugha yao. Utaratibu wa madai madogo nao, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, humwezesha mwenye deni lisilozidi shilingi milioni 10 kujieleza bila wakili. Kesi nyingi za mnyonge ziko hapo. Mtandao uziimarishe, usizimeze.

Kwa askari na jamaa zao

Polisi ndiye mlango wa kwanza wa haki ambao mwananchi huuona. Maelezo anayoyaandika leo yatasomwa kesho na hakimu aliye mbali, ambaye hatamwona mlalamikaji isipokuwa kwa kioo. Basi ayasome maelezo hayo kwa sauti, yatafsiriwe katika lugha ya mlalamikaji, na aandike jina la aliyetafsiri. Mahabusu anapozungumza na wakili wake kwa mtandao, askari amlinde kwa macho kutoka nje ya mlango.

Mwanajeshi anayekwenda mbali na nyumbani aache mambo yake yametengenezwa. Hati za shamba zinakiliwe, nakala moja iwe kwa mke na nyingine mahali salama. Mipaka ya shamba ithibitishwe mbele ya majirani na mwenyekiti wa LC. Ajue pia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo jamaa huishi na kujipatia riziki bila ridhaa ya mwenzi. Sheria hiyo yamlinda mke, nayo yalinda pia nyumba ya mume asiyekuwapo.

Mama wa nyumbani awe na laini yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na nambari hiyo ndiyo iandikwe mahakamani. Nambari ya kesi iandikwe pia katika daftari, kwa kuwa simu huibwa na kuzama. Ada ilipwe kwa nambari ya malipo iliyotolewa na mfumo tu, wala si kwenye simu ya mtu binafsi, na risiti itunzwe. Neno la siri lisiachwe dukani. Na siku ya kesi, kama sauti haisikiki au tafsiri si sahihi, asiitikie kwa adabu tu. Aseme wazi: "Mheshimiwa, sikusikia," au "Mheshimiwa, sikusema hivyo." Maneno hayo yakiingia katika kumbukumbu, rufani itakuwa na pa kushika. Yasipoingia, ukimya wake utahesabiwa kuwa kukubali.

Ibara ya 126 ya Katiba ya Uganda yaagiza kwamba haki itendwe kwa watu wote bila kujali hali yao ya kijamii au ya kiuchumi. Haikuandikwa kwa ajili ya mwenye simu nzuri peke yake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mfumo wowote wa mahakama utakaofika Bwera upimwe kwanza kwa yule mama wa mlimani, asiyesoma, anayenena Lhukonzo na kuazima simu. Ukimtosha yeye, utawatosha wote.